Kifuniko cha Mti Mbichi

Je, mtu amedanganya ikiwa neno lake lilikuwa kweli siku alipolitoa?

Swali hili lilinipata kwenye kerezo. Kila aanzaye kukereza huvutwa na mti mbichi, wala si ajabu: hukatika kwa ulaini, vumbi lake ni haba, na maranda yake hutoka marefu kama utepe. Nilikereza kijaluba cha mwembe mbichi, nikakitia kifuniko kilichokaa sawasawa, nikampa shangazi yangu. Naye aliweka ndani pete ya marehemu mumewe. Baada ya miezi michache kifuniko kilikwama, ikabidi kijaluba kivunjwe.

Fundi aliyenifundisha hakustaajabu. Mti ukaukapo hunywea kwa kufuata duara za umri wake karibu mara 2 ya unavyonywea kutoka moyoni kwenda gandani. Basi kilichokuwa mviringo huwa kama yai, na kifuniko hakipindi sawa na chombo chake. Mwenye kujua hukichonga kwanza kinene, yapata sehemu 1 katika 10 ya upana wake, hukiacha miezi mingi kikauke, ndipo hukirudisha kwenye kerezo na kukilinganisha na kifuniko.

Nilijitetea kuwa sikujua. Shangazi aliukubali utetezi huo upesi kuliko mimi, maana nilikuwa nimeambiwa ningoje, nami nikadhani kungoja ni uvivu wa wazee. Mwanafunzi ana haki ya kuuharibu mti. Sina yakini kama ana haki ya kumkabidhi mwenziwe kosa lake na kuliita zawadi. Pete ilitoka salama. Kijaluba kingine shangazi hataki, mpaka auone mti umekaa kivulini mwaka mzima.