Deni la Msafiri wa Elimu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kumpa mja wake akili na maarifa, na twamwomba amrehemu na kumpa amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, wako jamaa zetu wa pwani waliokwenda Iringa na Mbeya kwa biashara, wakaoa huko na kuzaa. Kijana wao akipata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo, Uturuki au Bara Hindi au Malaysia, habari haikawii kutufikia. Kwanza huja orodha ya mchango. Kisha huja kijana mwenyewe, akashuka Dar es Salaam na kulala kwa ami yake, apate kushughulikia viza. Tukimwuliza kama yu tayari, huhesabu karatasi: pasi, ambayo tangu mwaka 2018 ada yake ni shilingi 150,000, cheti cha Baraza la Mitihani, cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo. Karatasi hizi zote zapasa. Lakini iko moja ambayo ubalozi hauiulizi, nayo itaulizwa Siku ya Kiyama: karatasi ya haki za watu. Kwani safari ya elimu haijawa tayari mpaka kila shilingi iliyoingia ndani yake ijulikane kuwa ni zawadi, au ni mkopo, au ni mali ya mtu ambaye hakuulizwa.

Mtu asidhani ya kuwa twaikataza safari yenyewe. Imamu wetu Shafi'i alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akachukuliwa na mama yake mpaka Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akaenda Yemen na Iraki, akafia Misri mwaka 204. Na hapa kwetu, Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufia Unguja mwaka 1925, alifika Istanbul na Misri kutafuta elimu. Wala elimu ya dunia haikutengwa: Imamu Ghazali aliihesabu tiba na hesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, akawalaumu watu wa miji isiyo na tabibu Mwislamu hali wanafunzi wamesongamana katika fani moja. Basi kijana wa Iringa aendaye kusoma uganga ametuondolea mzigo sisi sote, na kumsaidia ni jambo jema.

Lakini jambo jema halihalalishi mali ya mtu. Tutazame jinsi mali ya safari inavyopatikana.

Ya kwanza ni zawadi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamesema: mtu akimpa mwenziwe fedha akamwambia anunue kilemba, naye akakusudia hasa kichwa kile kisitirike, basi fedha ile haitumiwi ila kwa kilemba. Ama akiwa amelitaja neno lile kwa maneno ya upole tu, mpewaji ni huru. Mchango wa masomo ni wa namna ile ya kwanza. Aliyepewa kwa ajili ya ada ya chuo hana ruhusa ya kununulia simu ya fahari wala kutolea mahari.

Ya pili ni mkopo. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza ya kuwa mwenye deni ambalo muda wake umekwisha fika haramu kwake kusafiri ila kwa idhini ya anayemdai. Na deni ambalo muda wake haujafika halimzuii. Angalieni, basi, faida ya kutaja muda. Mjomba aliyeuza magunia yake ya mpunga wa Kyela akamkopesha mpwawe, wakaandikiana kulipana baada ya miaka mitano, amemfungulia njia.

Ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi, nayo ni mirathi isiyogawanywa. Baba amekufa, ameacha shamba la miti Mufindi au kiwanja Mbeya mjini. Kaka mkubwa apata chuo, wazee wakutana, shamba lauzwa, na akina dada waambiwa: "Huyu akirudi atatuinua sote." Ndugu zangu, binti ana fungu lake alilokatiwa na Mwenyezi Mungu, nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, wala mkutano wa wazee hauwezi kulifuta. Ikiwa amebaleghe na ana akili ya kutunza mali, aulizwe faraghani, apate kusema la bila kuona haya. Ikiwa ni mtoto, hata akikubali, kukubali kwake si kitu. Na mlezi wa yatima hana ruhusa ya kutoa mali yake kumsomeshea mwingine. Daktari aliyesomeshwa kwa fungu la dada yake mdogo, pasipo ridhaa wala malipo, ana elimu kichwani na dhulma shingoni.

Huenda mtu akasema: kuandikiana na ndugu ni aibu, ni kutoaminiana. Twajibu: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni, nayo yatuamrisha tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Tena yatazameni yaliyotokea Sudan. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, mji ambao vijana wetu wengi walikuwa wakisoma; mwezi ule ule serikali ya Tanzania ikawarudisha nyumbani raia wake, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Kijana arudi na nguo alizovaa, bila shahada wala kosa lake. Je, adaiwa nini? Kama mali ilikuwa zawadi na ameitumia kwa masomo, hadaiwi kitu. Iliyobaki na airudishe kwa wenyewe. Kama ilikuwa mkopo, deni li pale pale, ila apewe muhula mpaka apate. Na kama haikuandikwa, kila mtu hukumbuka lile limfaalo, na ujamaa wa miaka hamsini huvunjika kwa baraza moja. Basi aibu i wapi, katika kuandika au katika kugombana?

Ama wazazi, wanavyuoni wamesema safari ya elimu ya faradhi haisimami kwa kukosa idhini yao. Lakini ruhusa ya kwenda haiondoi wema: kijana aombe radhi yao, aache wasia, na amweke mtu wa kumwangalia mama yake.

Nanyi wasomaji, orodha ya mchango ikikufikieni kutoka Mbeya au Iringa, msitie jina na kiasi tu. Andikeni mbele yake neno moja: zawadi, au mkopo na muda wake. Na kijana akilala nyumbani kwenu akingoja viza, mwulizeni kwa upole: dada zako wameridhia? Kama hajui, apigiwe simu dada kabla tiketi haijanunuliwa.

Mwenyezi Mungu awafanye wanafunzi wetu waende salama, warudi na manufaa, wala asiwe nyuma yao mtu wa kuwalilia haki yake. Amin.