Mtakatifu Ireneo: Kutetea Imani Bila Kumsingizia Mtu



Hivi, mtu akiishambulia imani yetu mtandaoni, tuna ruhusa ya kumjibu vyovyote vile kwa sababu tu ukweli uko upande wetu? Tumtazame Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, katika Ufaransa ya leo.

Alikulia Smirna, na utotoni alimsikiliza Mtakatifu Polikarpo. Mwaka 177 Wakristo wa Lyon waliteswa vikali. Askofu wao Pothino, mzee wa miaka zaidi ya 90, alifia gerezani, na Ireneo akashika nafasi yake. Kundi hilo lenye majeraha lilisumbuliwa pia na Wagnosi, waliojidai kuwa na elimu ya siri na kufundisha kwamba ulimwengu huu haukuumbwa na Mungu aliye juu ya yote. Ireneo akawajibu kwa vitabu vitano viitwavyo Dhidi ya Uzushi.

Sasa angalia alivyofanya. Alisoma maandishi ya wafuasi wa Valentino, akazungumza na baadhi yao, akaeleza kwanza wanachofundisha, ndipo akajibu. Si kwamba alikuwa mpole kila mara. Kejeli anazo, tena kali! Lakini hakupigana na maneno ya kusikia tu. Na humo humo anasema anawaombea waongoke.

Utasema: tukikaa kusoma hoja zao, si kondoo watapotea? Hatari ipo kweli, ndiyo maana Ireneo hakunyamaza. Lakini rafiki yako anayeyumba akigundua kwamba uliwasingizia wale jamaa, hatakuamini tena hata utakapomwambia kweli. Halafu Amri ya Nane inakataza ushahidi wa uongo. Haijasema isipokuwa kwa wanaotetea Kanisa.

Jina Ireneo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya amani. Papa Vikta alipotaka kuwatenga Wakristo wa Asia kwa sababu ya tarehe ya Pasaka, Ireneo alimwandikia kumsihi alinde umoja. Mwaka 2022 Papa Fransisko alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, Mwalimu wa Umoja.

Basi, kabla hujabonyeza kutuma, soma alichoandika mwenzako mpaka mwisho. Ukishindwa kukieleza kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali kwamba ndicho alichosema, bado hujawa tayari kumjibu. Msalie Salamu Maria moja kwanza.

Mtakatifu Ireneo, utuombee.