Talanta Isifukiwe



Mwezi huu twawaomba mfungue Injili ya Mathayo, sura ya 25, mkausome mfano wa talanta. Tumeusikia tangu utoto, na twadhani twaujua. Lakini hebu tumtazame tena yule mtumishi wa tatu. Hakuiba mali ya bwana wake, wala hakuitapanya kwa anasa. Aliificha ardhini, akairudisha nzima. Kilichomponza ni hofu.

Sisi tukaao pwani hii ya Kilwa na Lindi tuna sababu ya kulifikiri neno hili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilifika Kilwa Kivinje na watu waliofungwa, wake kwa waume, ili wapakiwe majahazini. Biashara hiyo ya baharini Sultani Barghash aliipiga marufuku mwaka 1873. Kabla ya hapo binti aliyeumbwa na Mungu alikadiriwa bei sokoni, wala hapakuwa na aliyeuliza ana kipawa gani.

Huko Marekani nako wana wa Afrika waliuzwa vivyo hivyo. Mary McLeod Bethune alizaliwa South Carolina mwaka 1875, na wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya kupata uhuru. Alijifunza Neno la Mungu mjini Chicago, akatamani kuja Afrika kuwa mmisionari. Lakini wakuu wa misheni walimjibu kwamba hawana nafasi ya mtu mweusi huku. Tazameni, ndugu: hata mkono wa kanisa waweza kuchimba shimo na kufukia talanta! Yeye hakukata tamaa. Mwaka 1904 alifungua shule mjini Daytona, akiwa na dola moja na nusu na wasichana watano. Makasha yakawa madawati, na maji ya matunda ya mwituni yakawa wino. Shule ile ikakua, mwaka 1923 ikaunganishwa na ya wavulana, ikawa chuo. Naye akakiongoza hata mwaka 1942.

Wala tusiseme, "Hayo ni ya Marekani." Katika Kanisa letu la Kilutheri, mwaka 2007, huko Magamba katika milima ya Lushoto, kilianza chuo chenye jina la marehemu Askofu Sebastian Kolowa. Mkuu wake alikuwa mwanamke, Mchungaji Dkt. Anneth Munga, ambaye mwaka 1998 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kwa kuchunguza mahubiri ya uamsho katika Kanisa letu. Na kazi ya chuo ilikuwa nini? Hasa kuwaandaa walimu wa watoto wasioona, wasiosikia, na wenye ulemavu wa akili, ambao mara nyingi hufichwa nyumbani. Basi, aliyepewa talanta alikwenda kuzifukua talanta za wengine.

Sasa turudi kwetu. Ufuta ukiharibika na korosho zikikosa bei, fedha ya daftari ya nani hukatwa kwanza? Ni ya binti. Akitoka unyagoni husemwa kwamba amekwisha kuwa mtu mzima, atafutiwe mume. Baba asemaye hivyo si mwovu. Ampenda mtoto wake, aogopa asije akapotea njiani au bwenini. Lakini yule mtumishi naye aliogopa, na hofu yake haikuwa udhuru mbele ya bwana wake.

Hatusemi kwamba kwa kusomesha mabinti twajipatia wokovu. Wokovu ni wa neema tu. Ila aliyekwisha kupewa bure hana tena haja ya kuificha mali ya Bwana. Ninyi wainjilisti, mwendapo nyumba kwa nyumba, msiulize tu nani amebatizwa. Ulizeni pia binti yuko darasa la ngapi. Nanyi wazee wa usharika, njia ya shule ikiwa ya hatari, msimwachie mzazi hofu yake peke yake. Tafuteni nyumba ya Mkristo karibu na shule, binti akae humo kama mtoto wa nyumba.

Bwana atarudi, naye atataka hesabu. Heri tumwoneshe mikono yenye vumbi la kufukua kuliko vumbi la kufukia. Amin.