Kabla Hujauza Kiwanja Ununue Bitcoin



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyefanya biashara ya misafara kabla ya kupewa utume, wala hakuna aliyemlalamikia kwa mizani wala kwa amana. Ndugu zangu katika imani, nakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nakusudia ucha Mungu wa mfukoni, kwa kuwa huko ndiko tunakoteleza wengi wetu, na sugu ya sijda ingali kwenye paji la uso.

Vijana wameniomba nizungumzie sarafu za mtandaoni. Wanataka neno moja tu, halali au haramu, wakaendelee na simu zao. Neno hilo nitalifikia, ila nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu naona swali lenyewe limeulizwa nusu.

Februari 2014, jijini Tokyo, mtu alisimama kwenye theluji nje ya jengo la ofisi akiwa ameshika bango. Bango lilikuwa linauliza fedha zetu ziko wapi. Alikuwa amepanda ndege kutoka London kuja kuuliza hivyo, kwa kuwa barua pepe zilikuwa hazipati jibu la maana. Ndani ya jengo lile ndimo ilimokuwa kampuni ya Mt. Gox, soko la kununulia na kuuzia Bitcoin ambalo wakati fulani sehemu kubwa ya biashara hiyo duniani ilipitia kwake.  Mapema mwezi ule kampuni ilizuia wateja kutoa mali zao, na mwezi ulipoisha ikaomba mahakamani ulinzi dhidi ya wadai wake. Bitcoin zipatazo 850,000 hazikuonekana, na katika hizo 750,000 zilikuwa za wateja. Baadaye 200,000 zikapatikana kwenye hifadhi ya zamani iliyosahauliwa. Zilizobaki zilikuwa zimeibwa kidogo kidogo kwa miaka, na wenyewe hawana habari.

Ninalotaka mlishike hapa ni hili. Muda wote ule wizi ukiendelea, yule bwana wa bango alikuwa akifungua akaunti yake anaona tarakimu zake zimetimia, hazijapungua hata moja.

Sarafu yenyewe ilianza kwa waraka uliotolewa Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto. Mpaka leo hakuna aliyethibitika kuwa ndiye. Januari 2009 mtambo ukaanza kufanya kazi. Kwa kifupi ni daftari la pamoja: kila muamala unaandikwa, na nakala ya daftari inakaa kwenye kompyuta nyingi za watu wasiojuana, hivyo mmoja hawezi kufuta mstari bila wenzake kumkatalia. Anayesaidia kulitunza hulipwa sarafu mpya. Mwanzoni zilikuwa 50 kila baada ya dakika kumi hivi, kisha malipo yanapungua kwa nusu kila baada ya miaka minne au karibu na hapo, na jumla yake haitazidi milioni 21. Sisi ambao aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, hatuna sababu ya kulidharau wazo la daftari lisilofutika. Wazo ni zuri. Neno lipo kwenye matumizi yake.

Mei 2010, mtunzi wa programu huko Florida alitoa Bitcoin 10,000 akaletewa piza mbili. Wakati ule zilikuwa na thamani ya dola 40 na kitu. Miaka yote iliyofuata watu wamekuwa wakimpigia hesabu: angezitunza zingekuwa kiasi gani leo! Hesabu hiyo ni ya shetani. Tumefundishwa tusifungue mlango wa "lau ningalifanya", na yule bwana alikuwa na njaa akala. Kwa hakika ndiye aliyeitumia sarafu kama sarafu. Wengi waliokuja nyuma yake hawakununua nayo chochote. Waliikalia, wakingoja mwingine aje ainunue kwa bei kubwa zaidi.

Hapo ndipo mjadala wa miaka ile ya mwanzo ulipokuwa mkali. Waliokuwa upande wake walisema: hii ni kama dhahabu, ni chache, wala hakuna serikali itakayoamka asubuhi ichapishe nyingine. Waliokuwa dhidi yake wakajibu kwamba uchache peke yake haukipi kitu thamani, na kwamba nyuma yake hakuna shamba, wala nyumba, wala dola inayoidai kwa kodi. Soko halikumsikiliza yeyote. Februari 2011 ilifika dola 1, Juni ikakaribia dola 30, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeanguka hadi dola 2 hivi. Mwenye duka la nafaka anieleze angepangaje bei ya kilo ya unga kwa sarafu hiyo. Tena mwaka huohuo likafunguliwa soko la siri la Silk Road, watu wakiuziana dawa za kulevya kwa Bitcoin, hadi mwenye soko alipokamatwa Oktoba 2013 ndani ya maktaba mjini San Francisco. Hoja hii ya mwisho mimi siitilii mkazo sana. Dawa za kulevya zinanunuliwa kwa shilingi pia.

Tuje kwa wanazuoni wetu. Wapo wanaosema: si dhahabu, si fedha, haishikiki, basi haramu, imekwisha. Hawa nawaomba warudi vitabuni. Al-Baladhuri anasimulia kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, aliwahi kufikiria kutengeneza dirhamu kwa ngozi za ngamia. Kilichomzuia hakikuwa kwamba ngozi haiwezi kuwa pesa. Aliambiwa ngamia watakwisha. Naye Imam Malik aliona kwamba watu wakikubaliana kuifanya ngozi kuwa pesa, basi hukumu za kubadilishana pesa zitaigusa ngozi hiyo kama zinavyoigusa dhahabu. Hata hapa pwani, wazee wetu wa Unguja na Mombasa walifanya biashara ya karafuu na pembe kwa riale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki 1780, na sarafu zikaendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya yeye kuzikwa. Hakuna sultani aliyewalazimisha kuipenda sura ile. Walikubaliana nayo kwa desturi, ingawa, tuseme ukweli, walijua pia uzito wa fedha iliyomo.

Kwa hiyo msishangae kuona mamufti wamehitilafiana. Idara ya Mambo ya Dini ya Uturuki ilisema mwishoni mwa 2017 kwamba haifai kwa wakati huu, kwa sababu ya kubahatisha na kukosa usimamizi. Aliyekuwa Mufti wa Misri wakati ule, Sheikh Shawki Allam, akatoa fatwa Januari 2018 kuwa ni haramu, akitaja gharari, yaani utata katika mauziano, ulaghai, na kwamba kupiga sarafu ni haki ya dola. Miezi michache baadaye Mufti Muhammad Abu-Bakar, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni moja nchini Indonesia, akaandika kwamba asili yake inaruhusika, kwa kuwa watu wameihesabu kuwa na thamani. Mwaka 2020 baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia likakubali iuzwe na kununuliwa. Hawa wote ni watu wa elimu. Mimi, kwa elimu yangu ndogo, naelemea kwa wanaosema ni mali inayoweza kumilikiwa, na aliyeimiliki kwa halali ikafika nisabu na mwaka ukapita, aitolee zaka asitafute visingizio. Lakini kijana asitoke msikitini akisema sheikh kahalalisha! Sijamaliza.

Zama za Muawiya, gavana wa Madina alikuwa Marwan bin Hakam. Watu walipewa hati za kwenda kuchukua chakula bandarini Al-Jar, pwani ya Bahari ya Shamu. Hati ni halali, chakula ni halali, aliyepewa anastahiki. Kisha wajanja wakaanza kuuziana hati zenyewe. Huyu kamuuzia yule, yule kamuuzia wa tatu kwa faida, na gunia liko palepale bandarini, hakuna aliyeliona wala kulipima. Abu Huraira akamwendea Marwan, akamkabili kwamba amehalalisha riba. Marwan akashtuka, akakana. Akakumbushwa kuwa Mtume, rehema na amani zimfikie, alikataza kuuza chakula mpaka kwanza mtu akipokee kikamilifu. Marwan akahutubia watu na kuipiga marufuku biashara ile, na walioshuhudia wamesimulia walivyowaona askari wakizunguka wakizinyakua zile hati mikononi mwa watu.

Tafakarini. Hakuna aliyeuliza kama ngano ni halali. Kilichokuwa haramu ni kuuza kabla ya kupokea. Yule bwana wa Tokyo hakuwa na Bitcoin. Alikuwa na hati: ahadi ya kampuni kwamba wanamwekea. Sarafu hizi hushikwa kwa ufunguo wa siri, mfuatano wa herufi na tarakimu, na mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Ufunguo ukiwa kwa kampuni, wewe ni mdai wao tu, na mdai hupata kile ambacho mahakama itambakishia. Benki Kuu ya Kenya ilionya hivyohivyo Desemba 2015: soko linalokuwekea likifilisika, huna ulinzi wowote. Benki Kuu ya Tanzania nayo ikatoa onyo lake Novemba 2019. Wakati ule wengi waliona wazee wa benki wanaogopa mambo mapya.

Sasa tazameni yanayofanyika kwenye simu zetu. Kijana ana shilingi elfu hamsini. Programu inamkopesha, anacheza kana kwamba ana milioni moja, na kwa mkopo huo analipa ada kila siku. Hiyo ni riba, hata wakiiita jina gani. Tena hanunui sarafu yoyote. Anabonyeza kijani akitabiri bei itapanda au nyekundu akitabiri itashuka, baada ya dakika tano anaambiwa ameshinda au ameliwa. Hapo hapana bidhaa, hapana makabidhiano, hapana hatari ya mfanyabiashara anayeshusha mzigo. Hiyo ni kamari, na kuicheza ukiwa na udhu hakuipunguzii kitu. Mafakihi walikataza kuuza samaki aliye majini kwa kuwa hujui utampata au hutampata. Huyu wetu hata bahari haipo.

Kuna kundi baya zaidi, nalo ni la wanaouza sarafu isiyokuwepo kabisa. OneCoin ilianzishwa 2014 na Ruja Ignatova kutoka Bulgaria, ikafika mpaka Uganda, watu wakanunua vifurushi na kuwaingiza ndugu zao. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema watu walitoa zaidi ya dola bilioni 4. Daftari halikuwepo. Bei ilipangwa ofisini. Oktoba 2017 bibi huyo alipanda ndege Sofia akateremka Athens, na tangu hapo hajaonekana hadharani. Mwishoni mwa 2019, Masaka, Uganda, watu waliamka wakakuta ofisi za Dunamis Coins zimefungwa na wenyewe hawapo. Huu ni upatu uleule wa siku zote: faida ya aliyetangulia inatoka mfukoni mwa aliyefuata. Alama yake haibadiliki. Ukiona unalipwa kwa kuleta watu, jua bidhaa ni wewe na shangazi yako.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu wanaoleta watu ni sisi. Mgeni kutoka Sofia hana njia ya kumfikia bibi wa Makunduchi au wa Lamu. Anafikishwa na kijana anayeswali naye, anayemwita bibi, na bibi anatoa kwa kuwa anamjua babake. Amana ile ndiyo inayouzwa.

Basi ninaomba mambo mawili. Wewe unayefikiria kuuza kiwanja cha mirathi uingie huko, kwanza nenda kwa ndugu zako mnaorithi pamoja, uwaeleze mbele ya shahidi unanunua nini, nani atakayeushika ufunguo, na mkikosa mtamdai nani. Ukishindwa kujibu moja katika hayo, usiuze. Na wewe uliyekwishakusanya fedha za watu kwenye kikundi cha simu ukijua hujanunua chochote, au ukijua nusu na ukanyamaza, orodha unayo na nyumba zao unazijua. Anza na wajane. Warejeshee leo, kabla ya Magharibi, na kisichotosha andikeni deni na mashahidi wawili.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi.