Mpeleke, Kisha Umfuate

Makuyuni, hapa kwetu Korogwe, ni mahali pa makuyu. Aliyelelewa kanisani hawezi kulisikia jina hilo asimkumbuke Zakayo, yule mfupi wa Yeriko aliyezibwa na umati hata akapanda mkuyu. Watu walikuwa wengi, yeye haonekani. Lakini Bwana alipofika chini ya mti ule alisimama, akainua macho, akamwita kwa jina lake.

Ndugu zangu wa Makuyuni, nimeanza na Zakayo kwa sababu hofu mnayoniambia kila mwaka, matokeo ya darasa la saba yakishatoka, ni hofu ya umati. Mnasema shule ya serikali ina watoto wengi mno. Mwanangu ni mpole, haongei mbele za watu. Atazibwa.

Hofu hiyo ina mizizi katika udongo wetu. Hapa ni nchi ya mkonge. Waliokuja kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe waliitwa manamba, na wengi wenu ni wajukuu wao. Mtu alitoka kwao ana jina lake na la babaye, akafika shambani akapewa namba, na kwa namba hiyo akahesabiwa asubuhi. Mjukuu wa manamba akisikia kwamba shule ina mamia kwa mamia ya wanafunzi, lazima moyo umshtuke: na mwanangu naye atakuwa namba? Ni swali halali. Atakapofika kidato cha nne, hata karatasi ya mtihani ataijaza namba.

Pamoja na hayo nawasihi: msiikimbie shule ile ya serikali. Mpelekeni mtoto. Kisha mfuateni.

Nimewaona waliokimbia. Baba anauza ekari mbili za urithi, mama anakopa kikoba, mtoto anapanda basi la njano na sare mpya ya shule ya kulipia. Muhula wa kwanza furaha. Muhula wa pili ada inalipwa nusu. Kidato cha pili mtoto yuko nyumbani na barua ya deni mkononi, shamba limekwenda, na ile shule ya kata aliyoidharau ndiyo inayompokea katikati ya mwaka, amechelewa, ana aibu. Aliyejaliwa uwezo wa kulipa miaka minne bila kuyumba, na alipe, simzuii. Nasema na wewe unayetaka kuuza kesho ya watoto wanne ili kununua mwaka mmoja wa mtoto mmoja.

Tena mmesahau upesi. Mwaka 2004 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari kama 1,300 hivi. Mtoto wa kijijini aliweza kufaulu darasa la saba na bado akakosa nafasi, akarudi kwenye jembe na cheti cha kufaulu mfukoni. Kisha ukaja mpango wa sekondari za kata, na ilipofika 2009 shule zilikuwa zimepita 4,000. Nani alizijenga? Mlibeba mawe. Mlichota mchanga. Mlichangishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa na mtendaji, na mwaka 2014 mkachangishwa tena kwa ajili ya maabara alizoagiza Rais Kikwete. Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa ikafutwa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Nyumba uliyoibebea mawe mgongoni, leo unaidharau na kuiita shule ya Kayumba?

Sitaficha aibu yake. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ililia. Tulisema walimu hawakuwapo, na ni kweli. Tulisema vitabu havikuwapo, maabara hazikuwapo, na ni kweli. Lakini kuna mwingine ambaye hakuwapo, na huyo hatukumtaja. Mzazi hakuwapo. Majengo yalipokwisha tulinawa mikono, tukadhani kazi yetu ilikuwa mawe na mchanga tu.

Sasa sikieni habari ya Kisimiri. Ni shule ya serikali kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru, iliyoanza kama shule ya kata, kama hizi zetu. Mwaka 2016 matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Kisimiri ilikuwa ya kwanza nchini, mbele ya shule ambazo ada yake wewe na mimi hatuwezi hata kuitamka. Mwaka 2019 ikarudi tena kileleni. Ni kweli kwamba wanaoingia kidato cha tano pale huchaguliwa kutoka huku na huku. Lakini hakuna aliyekwenda kupandikiza huko mlimani udongo wa aina nyingine. Na hapa kwetu Tanga, Jakaya Kikwete alisoma kidato cha tano na sita katika Shule ya Tanga, shule ya serikali, kabla nchi haijajua jina lake.

Siku hizi hutasaidiwa na orodha. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora. Usisikitike. Umelazimishwa kufanya ulichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kwenda mwenyewe ukatazame. Nenda asubuhi ya siku ya masomo, si siku ya mahafali. Tazama kama mwalimu yuko darasani saa mbili. Tazama vyoo vya wasichana. Uliza mwalimu wa hisabati ni nani, na wa fizikia yupo au hayupo.

Na hapa nataka kukaa kidogo na Hana.

Mnamjua, mke wa Elkana, aliyelia miaka hata akapewa mtoto, akampeleka Shilo katika nyumba ya Bwana, kwa mzee Eli. Tunahubiri machozi yake na nadhiri yake, tunasahau kutazama nyumba aliyompeleka. Eli alikuwa mzee, macho yamefifia. Wanawe walikuwa wanyang'anyi wa nyama za sadaka, na watu wote walijua. Laiti Hana angetafuta mahali pasipo doa, Samweli angezeekea nyumbani. Alimpeleka. Lakini hakumtupa. Kila mwaka alipanda Shilo na kanzu ndogo aliyoishona kwa mkono wake. Mama aliyeishi mbali alijuaje urefu wa mikono ya mtoto anayekua? Kwa sababu mwaka uliotangulia alikwenda, akamsimamisha mbele yake, akampima kwa macho. Samweli alikua katikati ya wana wa Eli bila kuwa kama wao, kwa sababu kila mwaka alivaa kitu kilichotoka kwao. Na usiku ule Bwana alipomwita, alimwita kwa jina.

Ninyi ndugu zetu Waislamu mnaye dada yake Musa, aliyefuata kandokando ya maji akitazama kwa mbali ndugu yake anachukuliwa na nani. Mama alimweka mtoto mtoni, lakini alituma macho yamfuate.

Kanzu yako wewe ni ipi? Ya kwanza ni chakula. Tangu ada ifutwe limezuka neno baya vijijini: elimu ni bure, msituombe mahindi. Serikali ilifuta ada, njaa haijafutwa. Mtoto ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ametembea kilomita nyingi, saa nane mchana anaulizwa habari za mishipa na moyo, na tumboni mwake hamna kitu. Debe la mahindi na kilo chache za maharage zilizokubaliwa katika kikao cha wazazi zitamfundisha sayansi kuliko fimbo yoyote.

Ya pili ni dakika kumi za jioni. Mnaniambia: masomo ya sekondari ni Kiingereza, mimi sikusoma, nitamsaidiaje? Mwite akae, mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma leo. Aliyeelewa ataeleza. Aliyekariri maneno asiyoyajua atababaika mara moja, na wewe usiyejua Kiingereza utakuwa umegundua kabla upimaji wa kidato cha pili haujamgundua. Kesho yake mwambie arudi kwa mwalimu aulize tena.

Ya tatu ni njia. Akina baba, binti zenu wanapandishwa bodaboda na nani? Anayempa lifti ya bure na chipsi za jioni anataka kulipwa. Na ukiona umbali unamshinda, usimpangie chumba peke yake kwenye mageto ya karibu na shule ukajisifu kwamba umetatua tatizo. Tafuta ndugu, tafuta nyumba ya muumini mwenzako, shikeni kwa pamoja ujenzi wa bweni. Naye aliyekwisha kuteleza akajifungua, serikali imemfungulia mlango wa darasa tangu Novemba 2021. Mlango uliobaki kufungwa ni wa baba yake. Mzee wangu, ufungue.

Nimekaa katika vikao vya wazazi mahali pengi. Akina mama wamejaa kwenye madawati ya watoto wao, akina baba watatu wamesimama mlangoni kama watu wanaosubiri basi la Arusha. Halafu jioni kijiweni tunalaumu walimu.

Shule zitafunguliwa Januari. Siku ile usimtume na shangazi yake wala usimpakie kwenye bodaboda. Vaa nguo yako ya ibada, shika mkono wake, vuka lango lile pamoja naye. Mtafute mwalimu wa darasa. Atakuwa na majina mengi katika daftari la mahudhurio na hatakuwa na muda. Msubiri. Akimaliza, msimamishe mtoto mbele yake na umtaje kwa jina, lake na lako, umwachie na namba yako ya simu. Kisha Machi rudi.