Deni la Jina Lililoibwa

Tangu 2005 wengi wetu hapa Kongo tunajitambulisha kwa kadi ya uchaguzi. Mwizi akiitumia kukopa, je, mwenye jina alipe ili akwepe aibu? Hapana. Deni humfuata aliyepokea mali. Kwa hiyo Suratul Baqara, aya 282, inaamuru mdaiwa mwenyewe atamke deni mbele ya mwandishi na mashahidi. Aya 283 inakataza kuficha ushahidi. Jirani anayejua ukweli akinyamaza, amemsaidia mwizi. Aliyehukumiwa bila kuwepo, sheria inampa siku 15 za kupinga tangu akabidhiwe hukumu mkononi. Tumsindikize tribinali mapema, tushuhudie. Mdai naye ameibiwa, tusimtukane. Wabillahi tawfiq.