Mafuta Yaliyokwisha Kukaangiwa

Ndugu zetu wanaosafiri kwa basi kwenda Nairobi waijua Mtito Andei, mji wa njiani katika Makueni, ambako abiria huteremka wakala chipsi na kuku. Mafuta ya makarai yale hukaangiwa mpaka yakawa meusi. Twauliza: yakifika hapo, je, mwenyewe ana ruhusa ya kuyafanya apendavyo?

Wako wasemao: ni mali yake, ayamwage au amwuzie amtakaye. Sisi hatukubali. Kuyamwaga ni uharibifu, kwani huganda yakaziba mifereji. Na baya zaidi ni kumwuzia mtu atakayeyachuja na kuyarejesha sokoni kwa bei ndogo, yakanunuliwa na mama wa viazi, na mwisho akayala mtoto wa maskini. Mafuta yaliyochomwa mara nyingi huzaa vitu vyenye kudhuru mwili, wala kitambaa cha kuchujia hakiviondoi. Muuzaji hujitetea: "Mimi nimeuza mafuta, sikumlisha mtu." Utetezi huu si mpya. Wanavyuoni walikwisha kuujibu katika mas-ala ya mwenye kuuza zabibu hali ajua kwamba mnunuzi atazifanya ulevi: ujuzi wake wamfunga. Basi mwenye mkahawa na aulize, madebe yachukuliwayo usiku mlangoni pake yapelekwa wapi?

Na njia njema ipo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mafuta yaliyoingiwa na najisi hayaliwi, lakini yaruhusiwa kuwashia taa. Kilichokatazwa kinywani hakikukatazwa kwa kila kazi. Kwa ufundi wa leo mafuta ya karai huchujwa, yakaondolewa maji, yakapashwa moto pamoja na methanoli na kostiki soda; glisirini hukaa chini, na juu hupatikana dizeli. (Methanoli ni sumu yenye kupofusha, tena hushika moto upesi. Asijaribu mtu jikoni kwake.)

Faida yake nyingine ni kwamba haichukui shamba la mtu. Wakulima wa Kenya waliwahi kuhimizwa wapande mibono kwa ajili ya mafuta ya injini. Uchunguzi wa mwaka 2009 ukaonyesha kuwa mavuno ni haba, na kwamba mti ule wafaa kwa ua tu.

Lakini nani atakayefaidika? Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua katika Makueni kiwanda cha kukamua mbegu, zikiwamo za mbarika, na mafuta yakasafirishwa hadi Gela, Italia. Tarehe 25 Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam, na sehemu ya mafuta yake ilitokana na mabaki ya namna hii tunayoyataja. Hatumlaumu mkulima kuuza mbegu zake. Ila Kitui na Makueni ni nchi kame, na vinu vya mahindi na pampu za visima vingali vyangojea dizeli inayopanda kutoka bandari yetu, ghali kila inapozidi kwenda. Jirani ana haki ya kutangulizwa kabla ya ndege.

Tutaambiwa kuwa kijijini mafuta ya karai hayapatikani, kwani mama hununua ya kipimo akayamaliza kwa chakula kimoja. Ni kweli, na ndiyo sababu wajibu huu ni wa mikahawa ya barabara kuu na ya miji yetu ya pwani. Wenye mikahawa wa Mombasa waweza kushirikiana, wakayakusanya katika mapipa yaliyofungwa, wakaandika jina la kila mwenye kuyapokea, na wakayauza kwanza kwa watakaotengeneza dizeli ya visima na vinu vya Wote na Kitui.